Mtumiaji Namba 1007

Hilux nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa.

Mkasi akailaza Yamaha yake upande wa kulia, goti likapita shibiri moja juu ya lami, akaifuata. Watu waliokuwa wakivuka barabara walirudi nyuma wakimlaani. Hakuwa na muda wa kuwaomba radhi. Kwa Casio yake ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

Redio ikakoroma sikioni; kituo kilikuwa kinamwita.

"Mkasi, hapa Kinu. Uko umbali gani?"

"Mita sitini."

"Kiwanda cha kuyeyusha vyuma kiko kilomita mbili mbele yako. Wakivuka geti, ile kompyuta itakuwa sufuria."

"Hawavuki."

Nyuma ya Hilux, katikati ya viti vibovu na majokofu ya maabara yaliyokufa, ilikuwepo kompyuta moja nyeusi ya mezani, imefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani. Ubavuni walikuwa wameibandika karatasi yenye neno moja: TAKATAKA.

Mkono ukatoka dirishani upande wa abiria. Ulikuwa na bastola.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili ilikwenda ilikojua yenyewe.

Mkasi hakungoja ya tatu. Alichomoa Glock kwa mkono wa kushoto, akafyatua mara moja tu, chini.

Tairi la nyuma likapasuka. Hilux ikayumba, ikapanda ukingo wa barabara, ikatumbukia mtaroni pua mbele. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hizi zilipita ukingo zikaishia mtaroni. Mwenye bastola alikuwa amejigonga kichwa, anahesabu nyota mchana kweupe. Dereva alishatimua mbio, kiatu mguu mmoja, simu sikioni.

Mkasi alimwacha aende. Aliikata kamba, akaiinua kompyuta polepole kwa mikono miwili, akaifunga mgongoni mwake kwa kamba ileile. Mwenye kompyuta hiyo naye aliwahi kubebwa mgongo huohuo, miaka thelathini iliyopita, akiwa na kamasi na kelele nyingi.

"Kinu, mzigo ninao."

"Upo mzima?"

"Uko mzima kuliko mwenyewe."

 

Katika Idara ya ujasusi walimwita Mkasi kwa sababu alikuwa mtu wa kukata: maneno, safari, na mara mojamoja pumzi za watu. Nyumbani aliitwa Dada. Aliyemwita hivyo kuliko wote alikuwa amekufa siku ishirini na sita zilizopita, akazikwa yeye akiwa ng'ambo.

Huyo ni mdogo wake, Kawia. Alipitiliza wiki mbili tumboni mwa mama yao, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwahi popote, si shule, si harusi, si chakula. Ukimsema anacheka. "Kawia ufike, Dada." Alikuwa mchambuzi wa vipimo katika maabara ya dawa. Mashine hupima, programu aliyoiunda mwenyewe kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, husoma vipimo vile na kusema ndani ya chupa kuna dawa kiasi gani.

Mwezi uliopita aliletewa sampuli arobaini za sindano, zile wanazochomwa wanawake waliotoka kujifungua ili wasivuje damu mpaka kufa. Akazipima. Akawaandikia wakubwa barua fupi kwamba dawa ni bandia na mzigo uzuiwe. Siku mbili baadaye, saa saba mchana, lori lisilo na namba lilimgonga kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Sampuli zikapotea. Maabara ikatangaza kwa huzuni nyingi kwamba marehemu alikuwa na msongo wa mawazo na matokeo aliyabuni.

Makontena manne ya sindano hizo yalikuwa boharini. Saa tisa alasiri ya leo geti lingefunguliwa, zisambazwe hospitalini. Kitu kimoja tu kingeweza kulizuia geti hilo: programu ya Kawia isome tena vipimo vya asili vilivyomo ndani ya kompyuta hii, na itoe ripoti.

Siku aliyoandika ile barua, Kawia alimpigia dada yake mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Ndiyo sheria ya Idara: ukiwa kazini ng'ambo, simu yako binafsi huzimwa. Akamwachia ujumbe.

*Dada, ukipata nafasi nipigie. Si haraka.*

Mkasi aliusoma uwanja wa ndege, siku ya ishirini baada ya kifo. Aliusoma amesimama, begi mkononi, watu wakimpita kushoto na kulia. Tangu siku hiyo hakuwa amelala saa nne mfululizo.

Mama alifungua mlango kabla hajabisha.

"Umekuja kula?"

"Nimekuja kufanya kazi, Mama. Chumbani kwa Kawia."

Mama aliitazama kompyuta. Aliijua, mwanawe aliwahi kuileta nyumbani ili aisafishe vumbi mwenyewe, kwa kuwa hakuwaamini watu wa usafi. Akasogea pembeni.

"Kiti chake kinayumba," alisema. "Weka karatasi chini ya mguu."

Chumba kilikuwa vilevile. Meza, kioo cha kompyuta, kibodi iliyofutika herufi. Soksi mbili zilianikwa dirishani, zimekauka zikakakamaa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua. Mkasi aliunganisha waya mmoja mmoja, akaweka Glock mezani kando ya kibodi.

Mama akarudi na daftari gumu lenye jalada la bluu. "Lilikuwa chini ya mto wake. Limeandikwa jina lako, sikulifungua."

Juu ya jalada: *Kwa Dada, asiyejua kompyuta.*

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake wa kulalia upande. *Kazi ambayo ni mimi peke yangu naiweza ni kazi mbovu. Nikiugua, nikisafiri au nikichelewa (nitachelewa), mtu yeyote aweze kuiendesha. Nimekuandikia wewe kwa sababu wewe ukielewa, hata kuku ataelewa.*

Mkasi alicheka. Akafungua redio.

"Kinu, niunganishe na Fundi."

Fundi wa Kinu alikuwa mzee aliyetengeneza kompyuta za Idara tangu zilipokuwa na ukubwa wa kabati. Sauti yake siku zote ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Sema, dada'angu. Inawaka?"

"Inawaka. Naandika jina la kawia. Inasema mtumiaji huyo hayupo."

"Wameifuta akaunti. Haya, izime. Iwashe tena huku umeshikilia Shift. Tutapitia mlango wa uani."

Mlango wa uani ulichukua muda. Mara ya kwanza aliachia mapema. Mara ya pili kioo kikabaki cheusi. Mara ya tatu maandishi meupe yakateremka, na Fundi akamtajia amri herufi kwa herufi.

"Naona mafaili yake," Mkasi alisema. "Yapo yote."

"Tazama safu ya tatu. Jina la mwenye mafaili."

"Hakuna jina. Kuna namba. 1007."

Fundi akavuta pumzi. "Linux haimjui mtu kwa jina. Inamjua kwa namba. Jina ni kibandiko tu mlangoni. Aliyemfuta amebandua kibandiko. Vitu vyote bado ni vya 1007."

Mstari baada ya mstari, kioo kizima: 1007, 1007, 1007. Mkasi alishasimama mbele ya kaburi la mdogo wake, akavumilia. Kaburi angalau lilikuwa na kibao chenye jina.

"Kwa nini hakufuta na mafaili?"

"Kufuta mafaili kunahitaji saini mbili pale maabara. Kufuta jina, moja. Kompyuta yenyewe walitaka iyeyushwe. Hebu iendeshe programu kwa mamlaka uliyonayo sasa. Wewe ndiye msimamizi mkuu."

Akaiendesha. Jibu likaja, na lilikuwa la Kawia mwenyewe.

*Samahani, mkubwa. Mwenye funguo zote haruhusiwi kupima.*

"Inanikataa."

"Aliogopa wakubwa wasije wakapika matokeo. Ana akili huyu mtoto." Akajisahihisha. "Alikuwa nayo."

"Sasa?"

"Sasa unamfufua." Fundi akasikia alichosema. "Nisamehe, dada'angu. Nina maana unda mtumiaji upya. Jina lilelile, namba ileile. Andika useradd, acha nafasi, kistari, u, nafasi, 1007."

Akaandika. Mwishoni akaongeza herufi tano, *kawia*, na kidole kikasita juu ya kitufe. Akabonyeza. Akaorodhesha mafaili upya.

kawia. kawia. kawia. Kuanzia juu mpaka chini.

Mkasi, aliyewahi kukaa siku mbili ndani ya tangi tupu la mafuta bila kulalamika, aliinamisha kichwa juu ya kibodi akalia.

"Mkasi? Kuna tatizo?"

"Hakuna. Endelea."

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Aliingia kwa jina la Kawia, akaendesha programu. Mistari mitatu myekundu. Kuna kitu hakionekani.

"Ni faili la msaada," Fundi alisema. "Programu huazima kazi za mafaili mengine. Mtu ameliondoa hilo makusudi. Tukipakua toleo jipya mtandaoni…" Akasita. "Hapana. Programu ni ya zamani, hazitaelewana. Nipe saa mbili nitafute toleo la zamani."

"Sina saa mbili."

Akapekua daftari. Hatua ya kumi na nne: *Ikilalamika kwamba kitu hakionekani, usipakue chochote, Dada. Mtandao unabadilika kila siku, mimi sibadiliki. Nakala ya kila kitu iko kwenye folda inayoitwa akiba. Ielekeze huko.* Chini yake amri yenyewe, kwa herufi kubwa, na katika kila pengo amechora kidoti ili dada yake asisahau kuacha nafasi.

Aliinakili kidoti kwa kidoti.

*Muhuri wa vipimo: salama. Havijaguswa.*

*Sampuli 1 kati ya 40.*

"Inatembea!" Fundi sasa alikuwa macho kabisa. "Nusu dakika kila moja. Wakati inasaga, fungua dirisha la pili. Linux huandika kila anayefuta mtumiaji, siku na saa. Kumbukumbu hizo hukaa wiki nne, kisha hujifuta. Una bahati ya siku mbili."

Mkasi alitafuta. Mstari ulikuwa mmoja.

"Aliyefuta ni nadhifu," alisema polepole.

Nadhifu alikuwa msimamizi wa mitambo pale maabara, na rafiki wa Kawia tangu chuoni. Meza yake ilikuwa safi hata ungeweza kulia chakula juu yake. Hakulaza kiporo cha kazi hata siku moja. Ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele, mahali ambapo dada alipaswa kuwepo japo nyuma yake, na kila Jumapili alikuja kumjulia hali Mama.

"Hilo si kosa," alisema Fundi. "Mfanyakazi akifariki, msimamizi hufuta akaunti. Ni utaratibu. Saa ngapi?"

"Siku ileile aliyokufa. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi."

Mkasi akausoma mstari tena.

"Fundi. Kawia aligongwa saa saba mchana."

Alifutwa akiwa bado na karibu saa tatu za kuishi. Asubuhi hiyo alikuwa bado anatembea, anachelewa, anacheka, na kwenye kompyuta yake mwenyewe alishakuwa namba.

Sebuleni mlango ukagongwa.

"Hodi! Mama, mwanao nimekuja!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Leo si Jumapili, kwema?"

Sauti hiyo Mkasi aliijua. Dereva wa kiatu kimoja alikuwa amepiga simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimeketi kwenye kochi la mama yake.

*Sampuli 23 kati ya 40.*

Akachukua Glock, akaiweka kiunoni nyuma, akatoka.

Nadhifu alikaa karibu na Mama, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Mkono wa kushoto ulishika mkono wa Mama. Wa kulia ulikuwa ndani ya mkoba wa karatasi alioupakata, na pembe ya mkoba ilielekea ubavuni mwa bibi huyo.

"Dada," alisema kwa upole. "Pole na safari. Nenda kaizime ile kompyuta, kisha nitaondoka. Mama asipate presha bure."

"Nijibu swali moja, nitaizima."

"Uliza."

"Ulimfuta saa ngapi?"

"Akaunti? Baada ya msiba. Ni utaratibu."

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Nadhifu alikunja uso. Haikuwa hofu kwanza. Alikuwa mtu wa kazi safi aliyeonyeshwa doa. Midomo ilisogea kidogo, kama anayekagua orodha yake upya.

"Waliniambia itakuwa siku hiyo," alisema mwishowe. "Mchana nilikuwa na kazi nyingi. Sikutaka kuacha kiporo."

Mama akamgeukia. Akauondoa mkono wake katika mkono wa Nadhifu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ulimbeba mwanangu," alisema. "Nilikuona. Ulimbeba ukiwa unalia."

"Nililia kweli, Mama."

Nadhifu akamtazama Mama usoni. Ni sekunde moja tu, lakini sekunde moja ilitosha.

Mkasi alipiga teke meza ya chai, ikamgonga Nadhifu magotini. Mkoba ukapanda juu. Risasi ikaingia darini, chokaa ikawamwagikia. Kabla hajapata ya pili, kifundo cha mkono wake kilikuwa kimepindwa na Beretta ndogo ikalia sakafuni. Mkasi alimlaza kifudifudi, akambana mikono kwa pingu za plastiki, kisha akamwekea Glock kisogoni.

Aliiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Usinichafulie sakafu," Mama alisema. "Ataishi. Aishi ajue."

Mkasi akaiondoa.

Chumbani kompyuta ikalia mara tatu, kikengele cha kitoto alichokiweka Kawia mwenyewe.

*Sampuli 40 kati ya 40.*

Thelathini na nane hazikuwa na dawa hata chembe. Mbili zilikuwa na kiasi kisichomsaidia hata sungura. Kilichobaki ndani ya chupa zote ni maji na chumvi. Mwisho wa ripoti programu iliandika yenyewe, kama ilivyofundishwa: *Mchambuzi: kawia.* Na tarehe ilikuwa ya leo.

Mkasi alichomeka simu ya kazi, Motorola, kwenye kompyuta, akairusha ripoti Kinu. Saa nane na dakika hamsini na moja.

Alisubiri akiwa amesimama. Mama naye alisimama mlangoni.

"Mkasi, hapa Kinu." Sasa alikuwa Mkuu wa Idara mwenyewe. "Geti limebaki limefungwa. Makontena yamezuiwa. Wawili wa maabara na mawakala watatu wa nje walioleta sindano wako mikononi mwetu, na gari linakuja kumchukua huyo wako. Kazi nzuri."

"Si kazi yangu, Mkuu. Soma jina lililo chini."

Akazima redio.

"Amemaliza?" Mama aliuliza.

"Amemaliza, Mama. Amechelewa, lakini amefika."

"Ndiyo kawaida yake," Mama alisema, akaketi juu ya kitanda cha mwanawe, akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa hajalia hivyo tangu siku ya maziko. Siku ile watu walikuwa wamemnong'oneza kwamba mwanawe alidanganya, na aibu ilikuwa imemkaba. Leo ilimwachia. Mkasi alianua zile soksi mbili, akazikunja, akamwekea mapajani.

Ilibaki hatua moja katika daftari, ya kumi na tisa.

*Ukimaliza, Dada, toka kwenye akaunti yangu. Usiache mlango wazi, Mama hakutulea hivyo. Kisha nipigie unieleze imekwendaje. Si haraka.*

Aliisoma mara mbili. Akaandika amri ya kutoka. Jina la kawia likaondoka kwenye kioo, kikabaki kimstari cheupe kinachopepesa.

Gari la Idara lilipofika na kumpakia Nadhifu, Mkasi alikuwa nje, koti limefungwa mpaka shingoni, helmeti mkononi. Askari mmoja alimwambia Mkuu anamtaka saa kumi na mbili, kuna safari nyingine. Akaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kuwasha Yamaha alitoa simu yake binafsi, akatafuta namba, akapiga.

*Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*

Aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, katika lugha mbili.

"Imekwenda vizuri," akaiambia. "Hata kuku ameelewa."

Akavaa helmeti, akawasha, akaondoka bila kugeuka nyuma. Simu hakuizima.